Kitabu cha Kwanza Kupigwa Chapa Afrika, na Masanduku Yetu ya Kemambo

Ndugu msomaji, kama hujafika Kemambo, njoo pamoja nami kwa mawazo. Ukitoka mjini Tarime na kushika njia ya Nyamwaga na Nyamongo, utapita vilima na mabonde, mashamba ya mahindi na mihogo, migomba, na ng'ombe wakichungwa na watoto kandokando ya njia. Kadiri unavyoteremka kuelekea kusini ndivyo joto linavyozidi, na mwisho unaufikia Mto Mara. Ng'ambo ya mto ni wilaya ya Serengeti, upande huu ni Tarime. Hapo ndipo kwetu.

Wageni wanaijua nchi yetu kwa sababu ya dhahabu. Mgodi mkubwa wa Nyamongo ulianza kazi mwaka 2002, lakini kabla yake watu walikwisha kuchimba kwa sururu na karai. Ndiyo maana mtu wa Kemambo akisikia neno "mali" anafikiri kwanza ng'ombe, kisha dhahabu. Leo nataka kukupa habari za mali nyingine, ambayo haichungwi wala haichimbwi, na ambayo watu wengine waliibeba kifuani walipofukuzwa makwao wakaacha nyumba na mashamba. Mali hiyo ni vitabu vya sala.

Kazi yangu ni ukarani wa parokia. Kazi hii ni ya daftari: ubatizo, kipaimara, ndoa, mazishi. Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Mimi naona jambo hilo kila juma. Anakuja kijana anataka kufunga ndoa, aliyebatizwa kijiji kingine miaka mingi iliyopita. Mchwa wamekula ukurasa, jina la mama halisomeki. Au inakuja familia iliyohama mara mbili, kila kuhama kumepoteza sanduku, na katika sanduku kulikuwa na vyeti vyote na kitabu cha sala cha babu. Hapo ndipo nilipoanza kujiuliza: watu waliohama kuliko watu wote duniani, yaani Wayahudi, wao walitunzaje vitabu vyao? Nimesoma habari zao, nami nakushirikisha niliyoyapata.

Kwa nini vitabu vya Wayahudi vituhusu

Huenda utasema, "Sisi Wakatoliki wa kijijini, vitabu vya Kiebrania vyatuhusu nini?" Vyatuhusu sana. Zaburi tunazoimba katika Misa zilitungwa kwa Kiebrania. Yezu Kristu mwenyewe alisimama katika sinagogi la Nazareti akasoma kitabu cha nabii Isaya. Bila watu wale kunakili vitabu vyao kwa mkono, mwaka baada ya mwaka, herufi baada ya herufi, Agano la Kale tungelipata kwa shida.

Kiebrania kina herufi 22. Husomwa kutoka kulia kwenda kushoto, kama Kiarabu, na kama wazee wa pwani walivyoandika Kiswahili zamani kwa herufi za Kiarabu. Irabu zake ni nukta na vistari vidogo vinavyowekwa chini ya herufi, ndani yake au juu yake. Mwandishi wa kalamu huzitia bila taabu kubwa. Lakini mpiga chapa wa zamani alikuwa na kazi ngumu. Kila herufi ilikuwa kipande kidogo cha risasi, kilichofanywa kinyume ili chapa yake itokee sawa juu ya karatasi. Alivipanga vipande hivyo kimoja kimoja, mstari kwa mstari, akavipaka wino, akaweka karatasi juu, akakaza mtambo kwa nguvu za mikono. Kwa Kiebrania ilimpasa kupanga herufi pamoja na zile nukta. Nukta moja ikikosewa, neno linageuka maana.

Herufi za risasi, Italia

Huko Ujerumani, mjini Mainz, Gutenberg alimaliza Biblia yake ya Kilatini karibu na mwaka 1455. Miaka 20 baadaye Wayahudi wa Italia walikuwa wakipiga chapa vitabu vyao. Kitabu cha Kiebrania cha kwanza chenye tarehe iliyoandikwa ndani yake kilimalizika mwezi wa Februari 1475, katika mji wa Reggio di Calabria, kusini kabisa mwa Italia. Ni maelezo ya vitabu vitano vya Musa, yaliyoandikwa na mwalimu mkubwa Rashi wa Troyes, Ufaransa, aliyefariki mwaka 1105. Aliyekipiga chapa aliitwa Abraham ben Garton. Leo duniani pote inajulikana nakala moja tu ya kitabu hicho, nayo imetunzwa katika maktaba ya mji wa Parma.

Mama zetu watapenda kusikia habari hii. Katika miaka hiyo hiyo ya 1470, mjini Mantua, mwanamke aitwaye Estellina Conat, mke wa mpiga chapa Abraham Conat, alisimamia mwenyewe kazi ya kitabu kimoja, akatia jina lake mwishoni. Alisema kwamba yeye ndiye "aliyekiandika", kwa kuwa Kiebrania kilikuwa bado hakijapata neno la kupiga chapa. Nasi pia ilitubidi kuazima: neno letu "chapa" lilitufikia kutoka kwa Wahindi.

Kaskazini mwa Italia kuna mji mdogo uitwao Soncino. Jamaa moja ya Wayahudi wenye asili ya Ujerumani walikaa hapo, wakachukua jina la mji likawa jina la ukoo wao. Mwaka 1488 walitoa Biblia nzima ya Kiebrania yenye irabu na alama zake zote, ya kwanza duniani. Mmoja wao, Gershom Soncino, alihama mji hata mji, akibeba mtambo na herufi zake. Mwaka 1494 alitoa mjini Brescia Biblia ndogo, rahisi kuchukuliwa safarini. Mwisho alifia Konstantinopoli mwaka 1534. Huyo alikuwa mtu asiye na kwao, lakini kila alipotua alifungua kazi.

Vitabu vyote vya Kiebrania vilivyopigwa chapa kabla ya mwaka 1501, vikihesabiwa kwa aina, ni kiasi cha 140. Vingi vimebaki nakala chache mno. Nitakueleza sababu yake baadaye kidogo.

Fez, mwaka 1516

Sasa tuvuke bahari, turudi kwetu Afrika. Mwaka 1492 wafalme wa Hispania waliwafukuza Wayahudi wote waliokataa kubatizwa. Wengi walikimbilia Ureno, nchi jirani. Lakini mwezi wa Desemba 1496 mfalme wa Ureno, Manuel wa Kwanza, naye alitoa amri waondoke, na mwaka uliofuata wengi walibatizwa kwa nguvu. Angalia jina la mfalme huyo, msomaji. Ndiye aliyemtuma Vasco da Gama mwaka 1497 kutafuta njia ya Bara Hindi. Ndiye ambaye merikebu zake ziliteka Kilwa na kuchoma Mombasa mwaka 1505. Mkono mmoja ulitikisa nyumba za Wayahudi wa Lisbon na nyumba za Waswahili wa pwani yetu.

Miongoni mwa wakimbizi hao walikuwamo Samuel Nedivot na mwanawe Isaac, watu waliojua ufundi wa kupiga chapa. Walifika Fez, mji mkubwa wa Moroko. Huko, mwaka 1516, walitoa kitabu kiitwacho Abudarham, kwa jina la mtungaji wake, David Abudarham, aliyekitunga katika mji wa Seville karibu na mwaka 1340. Ni kitabu cha kueleza sala: kwa nini sala hii husaliwa asubuhi na ile jioni, sikukuu zina taratibu gani, baraka ya chakula maana yake nini. Kitabu hicho kilikuwa kimepigwa chapa Lisbon mwaka 1489, na wale wakimbizi walikifuata kile cha Lisbon kwa bidii, ukurasa kwa ukurasa.

Basi kitabu hicho cha Fez ndicho kitabu cha kwanza kupigwa chapa katika bara la Afrika. Hakikuwa cha mfalme, wala cha biashara, wala cha vita. Kilikuwa kitabu cha kuwafundisha watu wa kawaida maana ya sala zao, kazi ya baba na mwana waliofukuzwa kwao. Hapa kwetu Afrika ya Mashariki, kazi ya kupiga chapa vitabu vya Kiswahili ilianza Unguja katika miaka ya 1860, kwa mtambo wa wamisionari Waanglikana. Baadaye Wakatoliki nao walikuwa na mitambo yao: Ndanda, Peramiho, na Tanganyika Mission Press ya Tabora. Kati ya Fez na Unguja ilipita miaka zaidi ya 340.

Venezia: Mkristo, Baba Mtakatifu na mtu wa Tunis

Mwaka huo huo wa 1516 mji wa Venezia uliwafungia Wayahudi wake katika mtaa mmoja wenye malango yaliyofungwa usiku. Tena mji ule haukuwaruhusu kumiliki mitambo ya chapa. Hata hivyo vitabu vya Kiebrania vilivyo bora kuliko vyote vilitoka Venezia. Jambo hili liliwezekanaje? Palikuwa na Mkristo mmoja, Daniel Bomberg, aliyetoka Antwerp. Yeye alileta fedha na mitambo, akaajiri Wayahudi wenye elimu wasahihishe maandiko.

Bomberg alitoa Biblia kubwa ya Kiebrania pamoja na maelezo ya walimu wa Kiyahudi mwaka 1516 na 1517, kwa kibali cha Baba Mtakatifu Leo wa Kumi. Kutoka mwaka 1520 hata 1523 akatoa Talmudi nzima. Talmudi ni mkusanyo mkubwa wa mafundisho na mabishano ya walimu wa Kiyahudi juu ya Sheria ya Musa. Bomberg aliipanga vizuri hata leo, karibu miaka 500 baadaye, Wayahudi duniani pote wanafuata hesabu ya kurasa zake. Mwalimu akitaja ukurasa fulani Yerusalemu, mwanafunzi wa New York anafungua pale pale.

Mwaka 1524 na 1525 akatoa Biblia kubwa ya pili. Aliyeisahihisha alikuwa Jacob ben Hayyim, mkimbizi kutoka Tunis, mtoto wa Afrika ya Kaskazini. Alikusanya nakala za mkono kutoka huku na huku, akazilinganisha. Maandiko aliyoyatengeneza yakawa ndiyo yaliyofuatwa na wapiga chapa wa Biblia ya Kiebrania kwa muda wa miaka 400.

Je, vitabu hivi vina thamani gani sokoni? Nakala moja ya Talmudi ya Bomberg ilikaa kwa karne nyingi katika kanisa kubwa la Westminster, London. Mfanyabiashara wa almasi aitwaye Jack Lunzer aliiona katika maonyesho mwaka 1956, akaitamani kwa miaka mingi, mpaka mwaka 1980 akaipata kwa kuwapa wenye kanisa hati yao ya kale aliyoinunua kwa ajili hiyo. Mwezi wa Desemba 2015 Talmudi hiyo iliuzwa New York kwa dola zaidi ya milioni 9. Sisi tulio jirani na mgodi tunajua bei ya dhahabu. Basi fikiri: karatasi na wino, bei kama hiyo!

Moto wa Roma

Kwa nini bei ni kubwa? Kwa kuwa nakala ni chache. Na kwa nini ni chache? Nyingine zilichakaa kwa kusomwa, nyingine zilipotea safarini. Lakini nyingi zilichomwa moto, na sisi Wakatoliki hatuna budi kuisikia habari hii bila kuficha.

Katika Venezia palikuwa na wapiga chapa Wakristo wawili, Giustiniani na Bragadin. Mwaka 1550 waligombana juu ya kitabu kimoja cha Kiyahudi ambacho kila mmoja alitaka kukiuza. Ugomvi wa soko ukapelekwa Roma, na katika kushtakiana wakasema kwamba vitabu vya Wayahudi vina maneno mabaya juu ya Ukristo. Mashtaka yalikua kuliko washtaki. Tarehe 9 Septemba 1553, katika uwanja wa Campo de' Fiori mjini Roma, Talmudi na vitabu vingine vingi vilichomwa. Siku hiyo ilikuwa sikukuu ya Wayahudi ya Mwaka Mpya. Mwezi wa Oktoba Venezia nayo ilichoma. Vitabu vingine viliponea kwa kupitiwa na wakaguzi, waliofuta mistari kwa wino mweusi. Na haikuwa mara ya kwanza: katika miaka ya 1240 magari ya kukokotwa yaliyojaa Talmudi zilizoandikwa kwa mkono yalichomwa mjini Paris.

Sisi wa Tarime tunajua ugomvi wa wawili unavyoweza kuchoma nyumba za wasiohusika. Wale wawili wa Venezia waligombania faida, na waliolia ni wengine. Tena ona kwamba Kanisa lile lile lililotoa kibali mwaka 1516 lilitoa amri ya moto mwaka 1553. Lilikuwa na vitabu hivyo nyumbani mwake pia: hata leo Maktaba ya Vatikani inatunza mamia ya vitabu vya Kiebrania vilivyoandikwa kwa mkono. Tarehe 28 Oktoba 1965 Mtaguso wa Pili wa Vatikani, katika tamko la Nostra Aetate, ulikemea chuki dhidi ya Wayahudi. Na mwaka 1986 Baba Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili aliingia katika sinagogi la Roma, akawaita ndugu zetu wakubwa.

Chumba cha Kairo

Wayahudi wana desturi nzuri. Kitabu chenye jina la Mungu kikichakaa hawakitupi. Hukiweka katika chumba maalum, au hukizika ardhini kama mtu. Katika sinagogi la Ben Ezra, Kairo ya Kale, chumba kama hicho kilijazwa kwa karne nyingi. Mwaka 1896 mabibi wawili mapacha wa Uskoti, Agnes Lewis na Margaret Gibson, walinunua kurasa chakavu safarini, wakampelekea mtaalamu Solomon Schechter huko Cambridge. Yeye akautambua ukurasa mmoja: ulikuwa wa kitabu cha Yoshua bin Sira kwa Kiebrania, lugha yake ya asili.

Ndugu msomaji, kitabu hicho kimo katika Biblia yetu ya Kikatoliki. Kwa karibu miaka elfu wataalamu walikuwa nacho kwa Kigiriki na lugha nyingine tu, cha Kiebrania kilikuwa kimepotea. Kumbe kilikuwa Afrika, ndani ya chumba cha karatasi kuukuu! Schechter alisafiri mwenyewe hadi Kairo, akapeleka Cambridge vipande zaidi ya 190,000.

Mbale, jirani zetu

Huenda wafikiri kwamba mambo haya yote ni ya mbali. Basi panda gari Sirari, pita Kisumu, vuka Busia, shika njia ya Tororo, utafika Mbale, chini ya Mlima Elgon, nchini Uganda. Huko wako Waafrika wenye dini ya Kiyahudi, waitwao Abayudaya. Mwanzilishi wao, Semei Kakungulu, alikuwa jemadari wa Kiganda. Aliisoma Biblia ya Kiganda, iliyotolewa nzima mwaka 1896, akashika Agano la Kale, na mwaka 1919 akatahiriwa yeye na wanawe. Mwaka 1922 alitoa kitabu kidogo kwa Kiganda, chenye kurasa 90 hivi, cha kuwaongoza wafuasi wake katika sala na sheria. Myahudi mgeni aitwaye Yosef aliwafundisha kalenda na sala za Kiebrania. Kakungulu alifariki mwaka 1928, lakini watu wake walidumu.

Idi Amin aliposhika serikali mwaka 1971, aliipiga marufuku dini hiyo. Masinagogi yalifungwa, watu wakasali kwa siri, wengi wakaiacha dini yao. Amin alipoondolewa mwaka 1979 walikuwa wamebaki wachache, kama mia chache tu. Lakini waliobaki walikuwa na nyimbo zao za Zaburi kwa Kiganda na sala walizozishika kwa moyo. Mwaka 2016 walifungua sinagogi jipya katika kilima cha Nabugoye. Taifa dogo lenye kitabu ni gumu kufutika.

Tufanye nini sisi?

Katika nyumba nyingi za Kemambo kuna kitabu cha sala cha bibi, katekisimu ya zamani, au misale yenye jina la babu lililoandikwa kwa kalamu ya risasi. Havitauzwa kwa mamilioni ya dola. Lakini vikipotea havinunuliki popote. Nimeona kurasa za katekisimu zikifungia karanga sokoni, nikasikitika.

Kwanza, usiweke kitabu chini wala kukiegemeza ukutani. Mchwa huanzia hapo. Kiweke katika sanduku la bati au ndoo yenye mfuniko, juu ya meza au dari kavu, mbali na chupa ya mafuta ya taa. Pili, baada ya masika kitoe, kifungue kivulini kipate hewa, wala usikianike juani, maana jua hukausha karatasi ikavunjika. Tatu, vyeti vya ubatizo na ndoa vifunge pamoja katika mfuko mmoja, na kila mtu wa nyumbani ajue ulipo, ili siku ya kuhama usisahauliwe. Nne, kitabu kilichochakaa kabisa usikitupe jalalani. Kilete parokiani tukiangalie. Kama hakifai tena, Padre ataelekeza kichomwe au kizikwe kwa heshima.

Na jambo la mwisho ni dogo kuliko yote. Abraham ben Garton alipomaliza kazi yake kule Reggio aliandika mwishoni jina lake, mji wake na tarehe. Ni kwa mistari ile michache tunamjua leo, ingawa imebaki nakala moja tu. Basi chukua kalamu. Ndani ya kila kitabu cha sala ulicho nacho andika jina la mwenye kitabu, kijiji, parokia, na mwaka alioupata. Andika na jina la mama.